Mjomba anataka kuchota baridi ardhini

Chota maji ya kisima Ngamiani, hapa Tanga mjini, alfajiri, watu wakielekea msikitini, utayakuta yana uvuguvugu kana kwamba yalitengwa jikoni. Rudi saa saba mchana, jua likiwa utosini, uchote kisima kilekile: maji yanaburudisha mpaka unasema alhamdulillahi. Bibi yangu alikuwa akisema maji ya kisima yanajua saa. Siku moja nilifunga themometa kwenye kamba, nikaishusha alfajiri, nikaishusha tena mchana. Maji hayakuwa na habari na saa. Yalikuwa palepale, nyuzi 27 na kitu, asubuhi na mchana. Kilichobadilika ni mkono wangu, ambao alfajiri ulitoka kwenye hewa ya nyuzi 23 na mchana ukatoka kwenye hewa ya nyuzi 32.

Kisima hicho nilikikumbuka siku mjomba wangu aliponiita kwake Sahare. Mwanawe anaishi Sweden, na alikuwa amemrushia video kwenye simu: mtambo wa kuchimba visima umesimama uani, theluji imefunika kila kitu, shimo linachimbwa mita zaidi ya mia, kisha mabomba meusi ya plastiki yanateremshwa ndani. Maji ya kunywa hawakuyatafuta. Walikuwa wanatafuta joto, na sasa nyumba nzima inapata joto kutoka kwenye shimo lile.

"Shikamoo mjomba," nikasema, hata kukaa sijakaa.

"Marahaba. Wewe si mtu wa udongo? Niambie. Wenzetu wanatoa joto ardhini kwenye theluji. Sisi tunashindwaje kutoa baridi ardhini kwenye joto hili?"

Kazi yangu ni kupima udongo wa barabara, kwa hiyo nikamjibu kama mtu wa maabara: inategemea udongo. Akanitazama vile wazee wanavyomtazama mtoto aliyesomeshwa kwa gharama kubwa. "Udongo ni udongo, mpwa wangu."

Hapo ndipo tulipoanza kuchimba.

Joto lipi hasa

Neno jotoardhi linachanganya. Ukilitaja, wengi wanafikiri Olkaria kule Naivasha, ambako Kenya imekuwa ikipata umeme kwa mvuke wa ardhini tangu 1981, au Ngozi, Mbeya, ambako Tanzania nayo inautafuta mvuke wa namna hiyo. Mtu wa Tanga anafikiri karibu zaidi: chemchemi za salfa za Galanos, pale Amboni, zenye maji ya moto na harufu ya mayai viza. Hilo ni joto la tumbo la dunia, na si kila mahali linapanda juu kiasi cha kushikika.

Joto la kwenye video ya mjomba ni jingine. Sehemu kubwa yake ni joto la jua, lililoingia ardhini siku baada ya siku likatulia kwenye mita za juu. Halihitaji volkano. Liko chini ya kila kiwanja, chini ya uwanja wa Mkwakwani, chini ya soko la Mgandini. Ukishuka mita kumi na zaidi, joto la ardhi hukaribia wastani wa mwaka mzima wa hewa ya mahali hapo. Wastani wa Stockholm ni kama nyuzi 7, wa Tanga mjini ni kama 26. Mswidi akichimba anakuta ardhi ya nyuzi 8 hivi. Sisi tunakuta 27, ileile ya kisima cha bibi.

Nyuzi 8 si joto la kuota. Ndiyo maana kuna mashine katikati, pampu ya joto, na kuielewa huhitaji kwenda mbali kuliko jikoni. Weka kiganja nyuma ya friji: pana joto. Joto hilo jana lilikuwa ndani ya sufuria ya maharage uliyoiingiza. Friji imelitoa mahali pa baridi ikalimwaga mahali pa joto, na umeme inaokula ni ujira wa ubebaji. Nyumba ya Sweden ni friji iliyogeuzwa: bustani ndiyo sufuria ya maharage, sebule ndiyo nyuma ya friji. Kwa uniti moja ya umeme, pampu nzuri huingiza sebuleni uniti tatu au nne za joto. Moja imetoka kwenye waya, zilizobaki zimetoka udongoni. Mitambo ya namna hii Sweden imezidi nusu milioni.

AC ya mjomba inafanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe inamwaga joto kwenye hewa ya nje. Ukitaka uiunganishe na ardhi badala ya hewa, inawezekana, lakini hapo huchoti baridi. Unamwaga joto, na ardhi inatakiwa ilipokee na kulisambaza. Kwa hiyo, iwe Stockholm wanatoa au Tanga tunaingiza, swali linaloulizwa udongo ni moja: joto linapita ndani yako kwa wepesi gani?

Waja leo, waondoka leo

Msemo wetu wa Tanga unafaa sana hapa. Joto la mchana ni mgeni wa waja leo waondoka leo: linaingia kwenye mchanga wa juu jua likipanda, linatoka usiku. Ukichimba kiasi cha mkono mmoja, karibu nusu mita, hulioni tena. Themometa hapo haijui kama ni mchana au usiku. Waliojenga nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, Pangani, Bagamoyo na huku kwetu, waliweka kuta nene za karibu kipimo hicho. Joto la adhuhuri hufika upande wa ndani usiku, nguvu zimeliishia.

Joto la msimu ndilo mgeni wa kukaa. Joto la kaskazi, la Februari na Machi, linashuka polepole, wiki kwa wiki. Likifika mita tano, juu ni Juni au Julai, kusi inavuma na watoto wanaenda shule na sweta. Na hapo limebaki kama moja ya nane ya lilivyokuwa. Kufika mita kumi limekwisha, na kinachobaki ni ule wastani usiotikisika.

Mwendo huo unatawaliwa na tabia mbili za udongo, na watu huzichanganya. Moja ni upitishaji: joto linapita kwa wepesi gani. Nyingine ni utunzaji: mita moja ya ujazo inahitaji joto kiasi gani ili ipande nyuzi moja. Sufuria ya alumini ina upitishaji mkubwa. Chungu upitishaji wake mdogo lakini ukiepua wali unabaki wa moto mpaka wageni wa mwisho wale. Udongo una tabia zote mbili kwa pamoja, na zote mbili zinabadilishwa na kitu kimoja.

Kitu hicho ni maji, na ushahidi wake uko Raskazone. Nenda ufukweni saa nane mchana, peku. Mchanga mkavu wa juu unaunguza. Watoto wanaruka kama wamekanyaga makaa mpaka wafike ule ukanda ulioloweshwa na wimbi, na hapo wanasimama, wamepona. Jua ni lilelile, mchanga ni uleule. Kwenye mchanga mkavu joto limekwama juu kwa sababu kati ya chembe na chembe pana hewa, na hewa ni mpitishaji mbovu mno. Kwenye mchanga wa maji joto limepata njia ya kushuka, na maji yenyewe yanataka joto jingi kabla hayajapanda hata nyuzi moja, tena mengine yanapotea yakiwa mvuke.

Kwa tarakimu, kipimo cha upitishaji ni wati kwa mita kwa nyuzi moja. Hewa ina 0.025. Maji yana 0.6. Chembe ya kwazi, ambayo ndiyo mchanga mwingi, ina zaidi ya 7. Mchanga mkavu kwa jumla yake una kama 0.3, mchanga huohuo ukijaa maji unafika 2 na zaidi. Rudia hapo: chembe zilezile, shimo lilelile, tofauti mara sita au saba. Tena matone ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko yote, kwa sababu yanakimbilia pale chembe zinapogusana na kujenga madaraja madogo ya joto kupita. Matone yanayofuata yanajaza tu vyumba vilivyo wazi. Miles Kersten wa Chuo Kikuu cha Minnesota alipima udongo wa aina nyingi, akachapisha mwaka 1949 kanuni za kukisia upitishaji kutokana na unyevu na msongamano, na wahandisi wanazitumia mpaka leo.

Udongo wa mfinyanzi ukijaa maji haufiki pale mchanga uliojaa unapofika; unaishia 1.2 mpaka 1.7 hivi. Lakini mfinyanzi ni bahili: maji hauyaachii upesi. Mwezi Februari, mchanga wa pwani umeshakauka kabisa huko juu, mfinyanzi bado una unyevu wake. Ubaya wake ni kwamba ule mweusi ukikauka kweli unapasuka, na bomba lililofukiwa humo linabaki limezungukwa na ufa, yaani hewa. Na mwamba wetu wa matumbawe? Chokaa ngumu inapitisha joto vizuri, kama 2.5, ila matumbawe yana matundu. Yakiwa chini ya usawa wa maji, matundu yamejaa na mambo ni mazuri. Yakiwa juu yake, una jiwe lenye vyumba vya hewa, na anayesoma jedwali la kitabu mahali palipoandikwa "chokaa" atajidanganya.

Mafundi umeme wanalijua jambo hili kwa mlango mwingine. Nani hajamwona fundi akizika nondo ya ethi, mita ikakataa kushuka, akaomba ndoo ya maji na pakiti ya chumvi? Umeme nao unapita udongoni kwa kufuata maji. Ndiyo maana wapimaji wengine huanza kwa kupima ukinzani wa umeme wa ardhi kwa misumari minne iliyopangwa mstari, njia ya Frank Wenner ya mwaka 1915, ili waone haraka wapi pana unyevu na wapi pakavu kabla ya kuchagua pa kuchimba. Chumvi lakini inavuruga: inasaidia umeme sana, joto haisaidii. Sahare, karibu na bahari, usomaji wa umeme peke yake ungekwambia udongo ni mzuri kuliko ulivyo.

Sindano, kopo na karo

Tulichimba shimo la mita moja na nusu, kwa sababu huko Ulaya mabomba yasipoteremshwa kwenye shimo refu hulazwa, na hayo ya kulazwa hufukiwa mita 1.2 mpaka 1.5. Kosa la wanaoanza ni kupima udongo wa juu kwa kuwa ndio unaofikika. Bomba halitalala juu. Unapima pale litakapolala.

Jambo la kwanza ni unyevu, na hili halitaki mashine ya maana. Unachukua udongo, unaufunga upesi usikauke, unaupima uzito, unauweka kwenye oveni ya nyuzi 105 usiku kucha, unaupima tena. Tuseme gramu 500 zimekuwa 440. Maji yalikuwa gramu 60 kwenye udongo mkavu wa gramu 440, yaani asilimia 13.6. Mizani ya jikoni inatosha, ila mwenye jiko awe na subira.

La pili ni msongamano, na hapa watu wa barabara tuko nyumbani. Unapigilia silinda ya chuma yenye ujazo unaojulikana, unaitoa na udongo wake bila kuuvuruga, unapima uzito. Udongo uliosongamana una chembe nyingi zinazogusana na hewa kidogo. Ndiyo maana bomba likishafukiwa, kumwaga udongo juu yake kwa koleo na kuondoka ni hasara: unatakiwa kuushindilia kwa matabaka, ukiwa na unyevu wa kadiri, kama tunavyoshindilia tuta la barabara tangu Ralph Proctor alipotuonyesha mwaka 1933 kwamba kila udongo una unyevu wake unaoshika vizuri kuliko mwingine.

La tatu ndilo lenyewe, sindano. Ni kabomba kembamba ka chuma kisichoshika kutu, kama sentimita 10, ndani yake umepita waya wa kupasha moto na kihisio cha joto. Unakachomeka kwenye ukuta wa shimo, unasubiri katulie, kisha unapitisha umeme mdogo, wati moja kwa sentimita hizo 10, yaani wati 10 kwa mita. Halafu unakaa na daftari na saa. Udongo unaopitisha joto vizuri unalichukua na kulipeleka mbali, sindano inapanda kidogo. Udongo mbovu unaliacha hapohapo, sindano inapanda sana. Ni kama kumwaga maji kwenye mtaro: yakijaa haraka, ujue mtaro umeziba.

Hesabu yake ilitengenezwa na mwanafizikia Lord Kelvin katika karne ya 19, na mtu wa kawaida anaweza kuifanya. Dakika ya kwanza unaitupa, maana hapo sindano inajipasha yenyewe. Unaangalia imepanda nyuzi ngapi kati ya dakika ya 1 na dakika ya 10, kisha, kwa wati zile 10 kwa mita, unagawanya 1.83 kwa nyuzi hizo. Imepanda nyuzi 1.2? Upitishaji ni 1.5, udongo mzuri wenye unyevu. Imepanda nyuzi 4.6? Ni 0.4, mchanga mkavu. Ukibadilisha nguvu ya umeme au urefu wa muda, hiyo 1.83 nayo inabadilika, kwa hiyo usiikariri bila masharti yake.

Shimo letu la kwanza lilitupa raha. Sindano haikutaka kupanda kabisa. Mjomba akaanza kuhesabu mabomba, mimi nikaanza kujiona mtaalamu. Ni shangazi aliyepita na ndoo ya nguo akauliza kwa upole kwa nini tumechimba kando ya karo. Kweli bwana: mita mbili kutoka pale ndipo maji ya choo na bafu yanaponyonywa na ardhi, mwaka mzima, bila kujali masika wala kiangazi. Tulikuwa tumepima sehemu yenye maji mengi kuliko zote uani, sehemu ambayo hakuna angetaka kuifukua kulaza bomba. Tukahamia upande wa pili, penye mnazi. Huko sindano ilipanda kama ina deni.

Mwenzetu wa zamani aliyelifanya jambo hili kwa adabu zaidi ni James Forbes wa Edinburgh. Mwaka 1837 alizika themometa ndefu mahali patatu katika mji huohuo mmoja: kwenye mwamba wa volkano wa Calton Hill, kwenye mchanga wa bustani, na kwenye jiwe la mchanga la machimbo ya Craigleith, za chini kabisa karibu mita 8. Mvua moja, majira mamoja, mji mmoja. Jiwe la Craigleith lilionekana kupitisha joto mara kadhaa kuliko mchanga wa bustani. Kelvin mwenyewe baadaye alizichambua namba hizo. Ningekuwa na njia ningempelekea mjomba daftari lile, maana jibu la "udongo ni udongo" limeandikwa humo.

Kwa shimo refu la mita mia, sindano ya sentimita 10 haisaidii. Ingekuwa kuonja chumvi ya pilau kwa punje moja. Mwaka 1983 Mswidi Palne Mogensen alipendekeza shimo lenyewe ligeuzwe sindano. Unateremsha bomba, unazungusha maji ndani yake, unayapasha kwa nguvu isiyobadilika, mathalani wati 50 kwa kila mita ya shimo, na unapima yanavyoingia na yanavyotoka kwa saa 48 au zaidi bila kukata. Katikati ya miaka ya 1990 wenzake wa Luleå, Sweden, na watu wa Oklahoma, Marekani, wakaupakia mtambo huo kwenye tela ili ufike popote. Ni hesabu ileile ya mtaro ulioziba, kwa ukubwa wa shimo zima. Umeme ukikatika saa ya 30, unaanza upya baada ya siku kadhaa, na hapo nadhani msomaji wa Tanga ameshaona kwamba jenereta ni sehemu ya kipimo.

Namba inapogeuka mita

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu namba ile ndiyo urefu wa mtaro wa kufukia mabomba. Wahandisi wa Ujerumani wana mwongozo uitwao VDI 4640, na majedwali yake ya kwanza yalisema hivi kwa mabomba ya kulazwa yanayofanya kazi saa 1,800 kwa mwaka: mchanga mkavu hutoa wati 10 kwa mita ya mraba, udongo wa mfinyanzi wenye unyevu 20 mpaka 30, mchanga uliojaa maji 40. Chukua nyumba ya huko inayohitaji kilowati 6 kutoka ardhini. Kwenye mchanga uliojaa maji, inahitaji mita za mraba 150. Kwenye mchanga mkavu, 600. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni 400. Mtu aliyekisia badala ya kupima anaweza kujikuta anataka kufukia mabomba kwa jirani.

Tena majedwali yale hayanakiliwi kichwakichwa. Mjerumani anapovuta joto, unyevu unaozunguka bomba lake unaweza kuganda, na kuganda kwenyewe kunaachia joto la ziada. Halafu barafu inapitisha joto karibu mara nne kuliko maji. Kwake udongo unasaidia kadiri unavyochoshwa. Kwetu, ambako tungeingiza joto, mambo yanakwenda kinyume: bomba la moto linayafukuza maji yaliyo karibu nalo. Udongo unakauka, upitishaji unashuka, bomba linazidi kupata moto, linafukuza maji zaidi.

Hilo limewahi kuuzimisha mji. Mapema mwaka 1998 nyaya kubwa za umeme zilizozikwa ardhini kwenda katikati ya Auckland, New Zealand, ziliharibika moja baada ya nyingine katika kiangazi kikali, na eneo hilo likakaa karibu wiki tano bila umeme wa uhakika. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, uchakavu ukiwemo, lakini uchunguzi uliutazama pia udongo uliozunguka nyaya: haukuwa unaondoa joto kama ilivyodhaniwa.

Na kama unadhani hesabu hizi ni za Wazungu na theluji yao, tazama Chongoleani, ng'ambo ya ghuba yetu. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia pale. Mafuta yale yana nta. Yakipoa yanaganda kama samli, kwa hiyo yanatakiwa yabaki juu ya nyuzi 50 njia nzima. Bomba limevikwa koti la kuzuia joto, lina nyaya za kulipasha, na limefukiwa. Kilomita 1,147 ziko kwenye udongo wa Tanzania: mwekundu, mweusi, wa kichanga, wa miamba. Kwenye hesabu ya joto linalopotea njiani, upitishaji wa udongo ni lazima uwemo. Wao wanautaka udongo mkavu uliotulia, mjomba anautaka wenye maji, lakini sindano ni hiyohiyo.

AC inawashwa saa ngapi

Narudi Sahare. Tuseme mjomba ana AC ya BTU 12,000, ile mafundi wanaiita hospawa moja na nusu. Inatoa chumbani kama kilowati 3.5 za joto, inaongeza kazi yake yenyewe, inamwaga nje kama kilowati 4.5. Kwa shimo la wima, majedwali yaleyale ya Kijerumani yanakisia chini ya wati 25 kwa mita kwenye mchanga mkavu na 65 mpaka 80 kwenye changarawe iliyojaa maji. Kwa kukisia tu, ni shimo la mita 180 au la mita 70. Usawa wa maji karibu na bahari hauko mbali, kwa hiyo sehemu kubwa ya shimo ingekuwa kwenye maji. Hapo Sahare ina bahati. Maji ya chumvi hayali bomba la plastiki.

Tatizo liko kwingine, na ndilo lililonifanya niulize swali ambalo ningepaswa kuliuliza kabla ya kushika jembe.

"Mjomba, AC unaiwasha saa ngapi?"

"Nikilala. Mchana nakaa barazani, kuna upepo."

Usiku wa Februari hewa ya nje Sahare iko nyuzi 25 hivi. Ardhi iko 27. Mashine inayomwaga joto usiku inapata afueni kwenye hewa kuliko ardhini. Mchana hesabu inageuka: hewa 32 au 33, ardhi 27, na nyuzi hizo tano au sita zina maana kwa jengo linalopoozwa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, kama benki, maabara, chumba cha dawa. Kwa chumba cha kulala, hapana.

Hata kwa benki kuna jambo ambalo Mswidi halimsumbui. Yeye anatoa joto majira ya baridi, na kiangazi jua linamrudishia. Sisi hatuna majira ya kurudisha. Tungeingiza joto Januari, tukaingiza Julai, mwaka hadi mwaka, na ardhi ingekuwa kama karo lisilonyonywa. Kinachoweza kuliondoa ni maji yanayotembea chini kwa chini kuelekea baharini, au mvua za masika zikishuka vya kutosha. Kwa hiyo kwenye orodha ya vipimo vya Tanga ningeongeza kasi ya maji hayo, na ningeipa uzito kuliko hata sindano.

Penye maana kamili ya ile video, kwa mkoa wetu, ni juu milimani. Lushoto, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, mwezi Julai watu wanalala na blanketi mbili na maji ya kuoga yanachemshwa kwa kuni au kwa umeme mtupu. Joto la ardhi ya huko ni la wastani, udongo ni mwekundu unaoshika unyevu, na nyumba ya wageni inahitaji maji moto kila siku ya mwaka. Pampu ya joto pale ingekuwa inafanya kazi aliyoizoea.

Nilipomweleza yote hayo mjomba alinyamaza kidogo, akauliza kama nimewahi kumwambia mtu habari njema. Shimo la kando ya karo amepanda mgomba. Lile la kwenye mnazi tumeliacha, tumelifunika bati na kuweka tofali juu, kwa sababu nataka kulipima tena mwishoni mwa kaskazi, siku chache kabla ya masika, udongo ukiwa katika hali yake mbaya kuliko zote. Shangazi ameniomba niandike tarehe, asije akatumbukia.